Mwewe wa Kariokor, Mbega wa Diani

Mwewe wa soko la Kariokor, Nairobi, ana subira kuliko mteja yeyote wa nyama choma. Hukaa juu ya waya za stima, akaiacha nyama ichomwe, ikatwe, iwekewe chumvi na kachumbari, na sinia linyanyuliwe. Hapo kati ya jiko na meza ndipo anaposhuka. Wahudumu wamejifunza kupita chini ya paa hata kama ni kuzunguka, na watoto wa mtaa jirani wa Ziwani wanaotumwa nyama Jumapili wanajua kuukumbatia mfuko kifuani. Wanajua pia kwamba kunguru wakianza kelele kwa pamoja, mwewe yuko karibu. Na wale korongo wakubwa wenye upara wakianza kuzunguka juu ya Gikomba mnamo saa tano, maana yake ardhi imeshapata moto na hewa inapanda, nao wanapanda nayo bila kupiga bawa.

Hayo ni maarifa ya wanyamapori, tena ya kiwango cha juu. Ila hakuna anayeyahesabu, kwa sababu tumezoeshwa kwamba mnyama wa kutazamwa lazima awe mbali, alipiwe, na aonekane kupitia dirisha la gari la watalii.

*

Kila Jumatano asubuhi kuna watu wanaokutana kwenye Makumbusho ya Taifa kwenda kutazama ndege. Matembezi hayo, ambayo leo yako chini ya Nature Kenya, yalianza mwaka 1971, na kwa miongo mingi aliyeyaongoza ni Fleur Ng'weno. Kutoka Ziwani huhitaji matatu: shika Ring Road, pita Ngara, panda kilima cha Museum Hill, umefika.

Kinachomshangaza mtu wa Eastlands siku ya kwanza ni mwendo. Sisi hutembea kama tunafukuzwa. Hawa husimama kuliko wanavyotembea. Mtu mmoja akiinua kidole, wote wananyamaza, na ndege ambaye ungempita mara mia anapata jina, sauti na tabia. Hakuna kitu kingine kilichonifundisha kutembea vizuri, si viatu vya bei wala zile fimbo za chuma zinazouzwa madukani.

*

Chama chetu cha mtaani kinapanga safari ya Desemba. Kwa watu wa Ziwani, Mombasa ina ratiba isiyobadilika tangu enzi za wazazi wetu waliopangishwa nyumba hizi za mawe na baraza la mji: Fort Jesus kwa picha, kivuko cha Likoni kwa msisimko, halafu ufuo wa Pirates kuogelea hadi jua litue. Nilipopendekeza tutenge asubuhi moja ya kutembea ufuoni na kutazama wanyama, mweka hazina alinitazama juu ya miwani. "Kutembea tunatembea kila siku hapa, nauli ikipanda. Sasa tulipe tukatembee tena?"

Hoja yake ni nzito, na siwezi kuijibu kwa maneno ya afya na hewa safi. Nitaijibu kwa hesabu. Pwani ya kwenda kwa miguu ni rahisi kuliko pwani ya kukaa kitini, kwa sababu mchanga haulipiwi na mbega hana tiketi.

*

Kabla sijafika huko, neno moja kuhusu gari moshi. Reli mpya ilianza kubeba abiria mwaka 2017, na tangu Januari 2024 kiti cha daraja la kawaida kutoka Syokimau hadi Miritini ni shilingi 1,500. Wengi huchagua treni ya usiku ili wasipoteze siku. Mimi nasema chukueni ya asubuhi, inayosimama vituo vingi. Baada ya Mtito Andei mnaingia Tsavo, na kwa muda mrefu hamna cha kufanya ila kutazama nje. Ndovu wa kule ni wekundu kwa sababu wanajipaka udongo wa kwao. Tuta la reli limeachiwa mapito chini ili wanyama wavuke, na ukibahatika utawaona wakiyaendea kwa foleni. Watoto wanyimwe simu kuanzia hapo mpaka Voi.

*

Sasa Diani. Watu huijua kwa hoteli. Mimi naipendekeza kama njia ya miguu, kuanzia msikiti wa kale wa Kongo, pale mto Mwachema unapoingia baharini chini ya mibuyu, kuelekea kusini kupitia Galu mpaka Kinondo. Ni mwendo wa asubuhi nzima, na siri yake yote iko kwenye maji. Ukienda maji yakiwa yamejaa, utatembea umebanwa kwenye kuta za majumba, mguu mmoja mchangani na mwingine ndani ya mawimbi. Ukienda maji yamekupwa, una uwanja.

Wavuvi hawahitaji jedwali kwa hili, wanautazama mwezi. Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji katika pwani yetu hujaa kabisa mnamo saa kumi na kupwa kabisa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Tofauti kati ya kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita 4. Kila siku inayofuata, saa husogea mbele kwa karibu dakika 50. Basi mwenye kupanga safari aanze na mwezi, ndipo atafute tiketi. Siku ya bamvua ukiondoka Kongo saa moja unusu, maji yanakukimbia huku unatembea, na saa nne unaweza kusimama kwenye vidimbwi vya mwamba ukatazama kaa, viti vya pweza, na wale viumbe weusi wenye miiba ambao ni sababu tosha ya kuvaa viatu. Lakini usigeuze shingo yako chini muda wote. Ukingoni mwa maji kuna vitwitwi wanaokimbia na kila wimbi, na wengi wao mwezi wa Juni walikuwa Urusi ya kaskazini wakilea vifaranga.

Kisha upande wa nchi kavu, barabarani, kuna mbega. Hawa wa kusini mwa pwani ni weusi wenye mashungi meupe mabegani, na hawana kidole gumba. Mkono wao umekuwa ndoano ya kurukia matawi. Wanakula majani, kwa hiyo hawaibi mkate mezani. Wezi wa Diani ni tumbili, kima na nyani, na mara nyingi mbega hulaumiwa kwa makosa yao. Tatizo la mbega ni barabara. Msitu ulipokatwa vipande, alilazimika kushuka chini kuvuka lami, na magari yakamuua. Tangu mwaka 1997 kuna shirika pale Diani linalowashughulikia, Colobus Conservation, na ndilo lililotundika zile ngazi za kamba juu ya barabara unazoziona ukitoka Ukunda. Simama chini ya mojawapo mapema asubuhi. Kima huvuka kwa pupa. Mbega hufika, akaketi, akafikiri, akavuka kana kwamba daraja lilijengwa na babu yake.

Mwisho wa mwendo ni Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo, mmoja kati ya makaya ya Mijikenda yaliyoandikwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008. Unafungwa kaniki kiunoni, unaelezwa miiko, na hutoki na hata jani. Wazee wa kaya hawana haraka na mgeni, na anayewaingilia kwa maswali ya kamera atajibiwa kwa adabu na asiambiwe kitu. Nenda na shikamoo na ada ya kiingilio mkononi. Miti ya pale ina unene ambao haupo tena nje ya uzio, na hakuna mlinzi mwenye bunduki aliyeilinda. Imelindwa na hofu na heshima, vitu ambavyo bajeti ya serikali haina kifungu chake.

*

Ibara ya 62 ya Katiba ya 2010 inasema ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Kwa hiyo ile njia yote niliyoieleza ni mali yako, wewe wa Ziwani, kama ilivyo ya mwenye jumba la vyumba ishirini. Shida ni kuifikia. Viwanja vimeshika kutoka barabarani hadi mchangani, na vichochoro vya umma ni vichache na vyembamba. Vingine lazima umuulize mwenye boda boda ndipo uvione. Mlinzi wa geti la jirani atakuuliza unaenda wapi, kana kwamba bahari ni ya mwajiri wake.

Sisi wa mitaa ya zamani ya Nairobi tunaujua mchezo huu hatua kwa hatua. Kwanza mabati, kisha geti, kisha hati. Ndiyo maana nahimiza watu watembee kule, tena kwa makundi. Kichochoro kisichopitwa huota nyasi, na nyasi zikiota hupatikana mtu wa kusema hapajawahi kuwa na njia.

*

Upande wa kaskazini, kwa wenye siku za ziada, kuna Mida Creek na msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 420. Msituni humo mna sange mwenye kiuno cha dhahabu, mnyama mwenye pua ndefu na mwendo wa kurukaruka, ambaye ngome yake kuu duniani ni hapo. Dume na jike huishi eneo moja maisha yao yote na huonekana pamoja kwa nadra. Nawajua wanandoa wa aina hiyo, lakini tuendelee.

Mida kuna daraja la mbao linalopita kati ya mikoko hadi kibanda cha kutazamia ndege. Ingia maji yakianza kujaa: kadiri bahari inavyopanda, ndiyo ndege wanavyosukumwa karibu yako. Mtafute mwenye weupe na weusi, mwenye mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Huyo hutaga ndani ya shimo analochimba mchangani, jambo lisilo la kawaida kwa ndege wa aina yake, na mazalio yake yako pwani za Uarabuni, Oman ikiwemo, na Bahari ya Shamu. Anakuja kwetu kutoka kule kule majahazi yalikotoka.

Fedha za daraja hilo huenda kwenye mpango ulioanzishwa mwaka 2001 na A Rocha Kenya, unaowalipia karo ya sekondari watoto wa vijiji vinavyopakana na msitu. Wazazi nao huahidi kuutunza. Gede, jirani hapo, wakulima wanauza pupa wa vipepeo nchi za nje kupitia mradi wa Kipepeo tangu 1993. Nimezunguka njia nyingi, na zilizobaki na wanyama ni zile ambazo jirani anakula kwazo. Wanaochora njia za miguu kando ya mto Nairobi, ambao tangu 2025 una mradi mkubwa wa kufufuliwa, wangeenda Mida wakiwa na daftari. Ramani zao nzuri sijaona mahali zinaposema kijana wa Gikomba atapata nini mto ukiwa safi.

*

Mweka hazina ameuliza kuhusu wenye watoto wadogo na wenye magoti mabovu. Hao waende Bamburi, matatu moja kutoka mjini. Haller Park ilikuwa machimbo ya mawe ya saruji, jangwa jeupe, mpaka René Haller alipoanza kupanda mivinje mwaka 1971. Majani yake makavu yalikataa kuoza, akaleta majongoo wayatafune, udongo ukapatikana, na miti mingine ikafuata. Ndipo alipopelekwa Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa karibu na Malindi wakati wa tsunami ya Desemba 2004, akamkumbatia kobe mkongwe aitwaye Mzee. Watoto wataulizia kiboko. Waonyesheni majongoo kwanza.