Ajali haina kinga? Bomet yatwambia vingine

Sisi watu wa Pwani tuna neno jepesi kinywani kila basi linapopinduka: ajali haina kinga. Hata mimi nilikuwa nikilisema, mpaka usiku mmoja nilipokuwa Bomet.

Tulikuwa tukirudi mjini kutoka upande wa Silibwet, baada ya isha. Mvua ilikuwa imepusa, ukungu umelala juu ya mashamba ya chai. Dereva, mzee wa Kikipsigis, alikwenda polepole hata nikaona anatuchelewesha. Mara akakanyaga breki. Mbele yetu palikuwa na matawi mawili ya mti barabarani, na hatua chache baada yake lori lililoharibika, halina taa wala kiakisi. Akaniambia, "Ningekuja mbio, matawi haya tungeyaona tukiwa tumeshaingia chini ya lori."

Bomet si mbali nasi kama tudhanivyo. Chai ya viwanda kama Kapkoros, Tirgaga na Mogogosiek huja Mombasa kwa ajili ya mnada, safari ya takriban kilomita 700, na malori hayakomi kwa kuwa jua limetua. Ndani yake wamo ndugu na jirani zetu.

Sasa tutazame serikali imefanya nini. Agosti 2013 basi lilianguka Ntulele, Narok, kwenye njia hiyo ya kwenda Bomet, watu 41 wakafa. Safari za usiku zikapigwa marufuku, kisha zikaruhusiwa tena kwa masharti. Tarehe 31 Disemba 2017, saa tisa za usiku, basi na lori yakagongana Migaa, watu 36 wakafa. Marufuku ikarudi, na wiki chache baadaye ikalegezwa. Oktoba 2018 basi la kutoka Nairobi likapinduka Fort Ternan, Kericho, kabla ya alfajiri, wakafa zaidi ya watu 50. Polisi walisema basi hilo halikuwa na kibali cha kusafiri usiku. Yaani sheria ilikuwepo, na basi likapita vizuizi vyote njiani.

Kisha ikaja Londiani, tarehe 30 Juni 2023. Lori liliwavamia abiria na wachuuzi kando ya barabara, zaidi ya watu 50 wakaaga dunia. Ilikuwa jioni. Hakuna marufuku ya usiku ambayo ingewaokoa.

Kwa hivyo mimi naona tunaishitaki saa badala ya kumshitaki mwenye kosa. Giza haliui peke yake. Gari la kilomita 80 kwa saa hula mita 22 kila sekunde, na taa za chini hazimuliki mbali mbele. Aliyechoka akisinzia sekunde tatu, ameenda mita 66 bila dereva. Usingizi huo hushika zaidi kati ya saa nane za usiku na alfajiri, na kahawa chungu hauiogopi.

Kanuni za magari ya abiria za mwaka 2014 zasema dereva asiendeshe zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Kutoka Mombasa hadi Bomet, mtu mmoja hawezi kuitimiza kanuni hiyo. Anayemtuma peke yake na kumhesabia muda wa kufika ndiye wa kuulizwa kwanza. Wa pili ni askari anayeliruhusu lori lisilo na taa lipite. Wa tatu ni wanaojenga barabara kuu bila kuwatengea malori pa kupumzika, wala wachuuzi pa kuuzia.

Nasi madereva tuna letu. Kwenye ukungu tumia taa za chini, kwani za juu hukurudia machoni. Ukimulikwa na anayekuja, tazama ukingo wa kushoto wa barabara. Ukichoka, egesha pahali penye watu, ulale. Dini yetu imetufundisha kumfunga ngamia kwanza, ndipo tutawakali.

Na wewe unayepanda basi usiku huu kwenda bara, kabla hujakaa muulize kondakta: dereva wa pili yuko wapi? Akikosa jibu, shuka udai nauli yako.