Kibanda cha uvuvi: Anza na choo na dirisha, ndoana ije baadaye

Ikiwa unafanya kazi Nairobi, Thika au Nakuru na umebahatika kupata kipande cha shamba kule Kinangop, yamkini umewahi kuwazia kujijengea kibanda kidogo karibu na kijito. Mahali pa kulala Ijumaa na Jumamosi ili uweze kutupa ndoana alfajiri kabla ya umande kukauka. Wagonjwa wangu kadha wameniambia wana mpango huo, na wengine tayari wamenunua mabati. Mimi siwapingi hata kidogo. Ninachopinga ni mpangilio wa mambo. Mtu anaanza na fito za kuvulia za bei ghali na magurudumu mapya ya gari, kisha anaezeka paa, na mambo ya choo, dirisha na maji anayaacha hadi atakapopata nafasi. Kwa maoni yangu, mambo hayo matatu ndiyo nyumba yenyewe.

Niseme kwanza kuhusu uwindaji, maana kuna wanaosoma majarida ya Marekani na kuona picha za vibanda vya wawindaji, bunduki imetundikwa juu ya mlango. Hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haikulegeza kamba. Atakayekuletea paja la swara kibandani jioni anakuuzia kesi mahakamani, na pengine kimeta pia, kwa kuwa hujui kama mnyama huyo aliuawa au alijifia mwenyewe. Basi tubaki na samaki. Trauti naye ni mgeni. Mayai yake yaliletwa kutoka Scotland mwaka 1905 na kupandwa katika mito ya Aberdare, na kumvua kunahitaji leseni. Aidha, sehemu kubwa ya maji hayo imo ndani ya mbuga na msitu wa serikali, ambako huna ruhusa ya kuchimbia hata nguzo moja. Kibanda kijengwe katika shamba lako, nawe utembee hadi mtoni. Kutembea huko ni dawa.

Na kujenga kwa mikono yako pia ni dawa, hasa kwa mtu ambaye wiki nzima yuko kitini. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya kadiri kila wiki. Anayechimba mashimo ya nguzo na kupiga randa mbao Jumamosi moja huzimaliza kabla ya chakula cha mchana. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu mwili ambao haujainua kitu kizito tangu shule ya upili haupaswi kuanza na mfuko wa saruji wa kilo 50. Gawa mfuko huo katika ndoo. Ikiwa umepita miaka 40, una shinikizo la damu, au kifua hukubana unapopanda ngazi za ofisini, pimwa kwanza. Ikiwa pia hujadungwa sindano ya pepopunda kwa miaka kumi iliyopita, dungwa kabla hujagusa ubao wa kwanza wenye msumari uliopinda. Wanaonijia na nyayo zilizotobolewa na misumari ni wengi kuliko walioanguka kutoka paani, ingawa walioanguka hukaa hospitalini muda mrefu zaidi.

Sasa tuje mahali pa kujenga. Kila mtu anataka kusikia maji yakipita akiwa kitandani. Kanuni za mazingira zinataka kingo za mto ziachwe wazi, kuanzia mita 6 hadi mita 30 kutoka pale maji yalipowahi kufika wakati wa mafuriko. Mimi nakushauri uchukue hizo 30 bila kubishana na mpima ardhi. Mwaka 2020 maziwa ya Naivasha na Baringo yalifurika yakameza nyumba na vyoo kandokando yake, na choo kilichomezwa na maji humwaga kila kilichokuwamo ndani ya maji yale yale ambayo jirani anachota. Choo cha shimo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani au mtoni, upande wa chini wa mteremko, na chini ya shimo pabaki mita moja na nusu kabla ya kufikia maji ya ardhini. Weka bomba refu la kutolea hewa lenye wavu juu yake, nzi wanaswe humo. Choo hiki kichimbwe siku ya kwanza, kabla ya msingi wa nyumba, maana mafundi na marafiki watakaokusaidia hawatangoja paa ndipo waende haja.

Kuhusu maji ya kunywa, paa lako litakupa mengi kuliko unavyodhani. Kibanda cha mita tatu kwa nne, pamoja na upenu, kina paa la mita mraba 16 hivi; mvua ya milimita 10 tu hukuletea lita 160. Tia mfereji na tangi lenye kifuniko. Hata hivyo chemsha, na uchemshe kwa akili ya mtu wa milimani: Kinangop iko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari na huko maji huchemka yakiwa na joto la nyuzi 92 hivi badala ya 100, kwa hiyo yaache yatokote dakika tatu nzima. Chai iliyotokota kidogo ikaepuliwa haraka ndiyo inayowarudisha watu mjini Jumapili wakiwa wameshika matumbo.

Nimefika kwa jambo lililonifanya nichukue kalamu, nalo ni jiko la makaa.

Usiku wa Julai huko juu ni wa baridi kali, na mabati hayazuii baridi. Mvuvi ametoka mtoni soksi zimelowa, amechoma samaki wake nje, na makaa yamebaki mekundu mazuri bila moshi hata chembe. Anayaona kama mali ya kutupwa bure. Anaingiza jiko ndani, anafunga dirisha, anasukuma gunia chini ya mlango ili upepo usipenye, na kulala. Makaa yasiyotoa moshi ndiyo hatari zaidi kwa sababu hayakuonyi. Yanatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania damu yako mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni. Damu inazunguka kama kawaida lakini haibebi unachohitaji. Kwanza kichwa kinauma, kisha kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inakuwa kama ya mtu mwingine. Aliyelala hayahisi hayo. Aliyeamka naye mara nyingi hana nguvu ya kufika mlangoni, ingawa uko hatua tatu tu.

Karani mmoja wa bima alinijia siku ya Jumatatu akilalamika kichwa na kusahausahau. Walikuwa wanaume watatu kibandani. Asubuhi ya Jumapili mmoja hakuweza kusimama na mwingine alitapika, nao wakacheka wakidhani ni pombe ya usiku. Kilichowaokoa ni mapengo kati ya ukuta na paa ambayo mwenye nyumba alikuwa amekusudia kuyaziba wiki iliyofuata, akidhani wenzake wataugua kwa baridi. Aliniuliza kama bado ayazibe. Nilimwambia kwanza anipe namba za simu za wale wengine wawili.

Basi lishike hili. Jiko la makaa halilali ndani, hata likionekana limezimika, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Wapo wanaoweka sufuria ya maji kando ya jiko wakisema maji yananyonya sumu, hayanyonyi chochote. Ukimkuta mtu ameduwaa chumbani mwenye jiko, mtoe nje kwanza, maswali baadaye, kisha mkimbize hospitali apewe oksijeni, na uwaambie wauguzi wazi kwamba palikuwa na makaa. Usipowaambia, kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni kinaweza kuonyesha kwamba yu mzima, kwa kuwa hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba sumu hii.

Baridi ina tiba nyingine, na nyingi zinajengwa ndani ya nyumba. Inua sakafu ya mbao juu ya nguzo, kama sentimita 45 kutoka ardhini. Unyevu haupandi, na utaona kilichojificha chini. Weka dari ya mbao nyembamba chini ya mabati. Acha matundu mawili yasiyofungika, moja chini ukutani na lingine juu upande wa pili, yote yakiwa na wavu wa waya. Ukitaka moto wa ndani, nunua jiko la chuma la kuni lenye mlango na dohani inayotokeza juu ya paa, na uifagie masizi kila msimu. Kwa sisi wengine, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa taulo na mablanketi mawili yanatosha kabisa.

Kuna vitu viwili vya kujengea ambavyo havifai. Cha kwanza ni vipande vya zamani vya paa la asbesto, ambavyo watu hupewa bure mitaa ya kale inapobomolewa. Ukivikata kwa msumeno unavuta nyuzinyuzi zinazoweza kuleta saratani ya mapafu au ya utando wake miaka 20 au 30 baadaye, wakati umeshasahau hata jina la aliyekupa. Cha pili ni masalio ya nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa ya mchwa yenye rangi ya kijani. Zinafaa sana ardhini, lakini vipande vilivyobaki visichomwe kuni, wala samaki asiokwe juu yake, kwa kuwa nyingi ya dawa hizo zina aseniki na moshi na majivu yake ni sumu.

Ikiwa shamba lako liko kando ya Ziwa Victoria, tuseme Homa Bay au Siaya, mengi niliyoyasema juu ya baridi hayakuhusu, na mahali pake panachukuliwa na malaria na kichocho. Mbu wa malaria huingia hasa usiku kupitia yale mapengo ya paa, hivyo huko yafunike kwa wavu, pamoja na madirisha, na bado ulale ndani ya chandarua chenye dawa. Kichocho hakingoji umeze maji. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono na kupenya ngozi yako kwa dakika chache ukiwa umesimama majini hadi magotini ukisukuma mashua. Maji ya kuoga yaliyochotwa ziwani bila konokono na kutulia tangini siku mbili hayana tena kichocho, kwa kuwa vijidudu hivyo vimekufa. Ukiwa unaingia ziwani mara kwa mara, mwombe daktari wako akupime. Dawa ya prazikwanteli ipo.

Nyoka nitawataja kwa ufupi. Moma, ambaye wengine humwita kifutu, hufuata panya, na panya hufuata unga wako. Weka kuni mbali na ukuta na unga katika pipa la bati. Akiuma mtu, usikate, usinyonye, usifunge kamba kwa nguvu. Laza kiungo kilichoumwa kitulie kama kilichovunjika na uondoke kwenda hospitali. Na ndiyo maana nauliza juu ya barabara kabla ya kuuliza juu ya paa. Gari lako la magurudumu manne yanayovuta linaweza kupita Februari, lakini Aprili ule udongo mweusi hushika hata trekta. Jua hospitali gani ya karibu ina dawa ya sumu ya nyoka, na ujue njia ya kufika huko kwa miguu hadi kwenye lami, ukiwa umebeba mtu.

Limebaki jambo moja ambalo sijasikia mwenye kibanda yeyote akiniuliza. Wewe utalala huko usiku nne kwa mwezi. Yuko kijana uliyemwajiri kulinda, naye hulala huko zile 26 zinazobaki, mara nyingi katika stoo ya mabati isiyo na dirisha, nyuma ya nyumba, pamoja na simiti, mafuta ya taa na jiko lake. Yeye hana gari mlangoni. Mtobolee matundu mawili kama yako na umpe chandarua au mablanketi kulingana na mahali ulipo. Ukienda mwisho wa mwezi huu, lichukue lile jiko na ulijengee kipaa chake nje, hatua kumi kutoka mlangoni kwake, ili asipate sababu ya kuliingiza ndani mvua ikinyesha.