Warumi 13 Haikusema Tunyamaze

Wasee, tangu Juni 2024 tulipoingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha, nimeona kitu hapa Ahero. Maandamano yakitangazwa wiki hii, Jumapili mahubiri ni Warumi 13. Mamlaka yote imetoka kwa Mungu, kwa hivyo vijana kaeni nyumbani.

Juzi tukitoka kanisani dani alinishika mkono. "Nyakwara, umesikia neno?" Nikanyamaza. Dani habishwi njiani. Lakini hapa acha niseme.

Mimi sina shida na Warumi 13. Polisi wa trafiki akisimamisha matatu, isimame. Ushuru ulipwe, Paulo aliandika hivyo kwa sura hiyo hiyo. Bila sheria, mnyonge ndiye huumia wa kwanza.

Sasa soma Matendo 16. Huyo huyo Paulo na Sila walichapwa viboko hadharani kule Filipi bila kesi, wakatupwa ndani. Asubuhi wakubwa wakatuma watu wawaachilie kimyakimya. Paulo akakataa. Yeye ni raia wa Roma, kwa hivyo waje wenyewe wawatoe. Na walikuja!

Je, Paulo alidharau mamlaka? Hapana. Aliwakumbusha sheria yao wenyewe.

Kwetu Kenya, Katiba ya 2010 inaanza kwa kusema mamlaka yote kuu ni ya wananchi. Kifungu cha 37 kinaruhusu kuandamana kwa amani, bila silaha. Rais mwenyewe huapa kuitii. Kwa hivyo anayeandamana kwa amani hajaasi. Aliyevunja duka la mama wa watu ameasi. Na aliyempiga risasi kijana aliyeinua mikono juu, huyo pia ameasi.

Na hii si mambo ya Gen Z tu. Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini, hapa tu Kisumu, alipinga kura ya mlolongo enzi za chama kimoja, wakati kusema ilikuwa hatari. Hakurusha jiwe. Pia hakunyamaza.

Mimi niliacha chuo juu ya karo, theolojia sijasomea. Lakini kusoma najua, na Warumi 13 inamwita mtawala mtumishi wa Mungu kwa faida yetu. Mtumishi huulizwa kazi yake.

Pasta, Jumapili ijayo hubiri hiyo sura tena, tafadhali. Ila usiruke huo mstari. Dani atakuwa ameketi mbele, na mimi kando yake.