Mpatanishi na Kitenzi Chake

Ndugu mwanafunzi,

Chukua kitenzi "pata". Kinyambue, kiwe "patana". Kinyambue tena, kiwe "patanisha". Kutoka hapo tunaunda nomino "mpatanishi". Naomba leo uyatazame maneno haya kama somo la uraia pia, kwa kuwa katika mji wetu wa Bujumbura aliwahi kuishi mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa kupatanisha.

Ahmedou Ould-Abdallah alizaliwa Mauritania mwaka 1940. Aliitumikia nchi yake akiwa balozi na waziri wa mambo ya nje, kisha akaingia Umoja wa Mataifa. Mwezi Novemba 1993 alifika Bujumbura akiwa mwakilishi maalumu wa Katibu Mkuu, Boutros Boutros-Ghali. Rais Melchior Ndadaye alikuwa ameuawa tarehe 21 Oktoba, na mauaji yalikuwa yameenea mikoani. Mgeni huyu hakuja na jeshi. Silaha yake ilikuwa maneno, na subira ya kuwaendea watu wasiotaka kuonana.

Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994, ndege iliyowabeba Rais wetu Cyprien Ntaryamira na Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda ilitunguliwa Kigali. Hapa kwetu hatari ya kwanza ilikuwa uvumi: kila mtaa ungeweza kujitungia muuaji wake na kwenda kulipiza kisasi. Ould-Abdallah aliharakisha kukutana na Sylvestre Ntibantunganya, aliyekuwa spika wa Bunge, pamoja na wakuu wa jeshi, na wananchi wakaombwa watulie kabla uvumi haujashika njia. Rwanda ikatumbukia katika mauaji ya kimbari. Bujumbura haikulipuka usiku ule.

Wapo wasemao kwamba diplomasia ni suti na karamu. Mimi nasema kosa letu ni kuhesabu yaliyotokea tu. Askari huonyesha mji alioutwaa, mwanasiasa huonyesha barabara aliyoifungua. Mwanadiplomasia ataonyesha nini, ikiwa tunda la kazi yake ni msiba ambao haukutokea?

Hata hivyo, tusimpambe kwa sifa zisizo zake. Vita havikuzuilika. Mwezi Machi 1995 damu ilimwagika Bwiza na Buyenzi, mitaa ambayo Kiswahili chetu kimelelewa. Mwaka huohuo aliondoka, na Julai 1996 jeshi likatwaa madaraka. Mazungumzo ya Arusha yaliongozwa na Mwalimu Nyerere, na baada ya kifo chake mwaka 1999 yakaongozwa na Nelson Mandela, hadi mkataba ukatiwa saini tarehe 28 Agosti 2000. Hata hapo bunduki hazikunyamaza mara moja.

Basi tukirudie kitenzi chetu. Tazama mpangilio wake: "-an-" hutangulia, "-ish-" hufuata. Kupatana ni kazi ya wenyewe kwa wenyewe. Mgeni husaidia tu kuisukuma. Hakuna balozi, hata awe hodari namna gani, awezaye kupatana kwa niaba yetu.

Ndiyo maana nakuandikia wewe. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, na huenda mmoja wenu siku moja akaketi Arusha au New York akiizungumzia nchi hii. Lakini usingoje kuteuliwa. Uvumi wa leo hauhitaji usiku mzima kuvuka mji. Husafiri kwa simu iliyo mfukoni mwako. Unapopokea ujumbe unaotaja kabila la mtu na kosa lake, uliza: nani amesema, amejuaje, na nikiusambaza nani ataumia? Usipopata jibu, ufute.

Wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Kidole kinachobonyeza simu kina mfupa, lakini nacho chaweza kuponza. Jifunze Kiswahili vizuri, mwanangu, nawe ujifunze pia wakati wa kunyamaza. Huo ndio mwanzo wa ubalozi.