Mwanachama Akiondoka, Ufunguo Ubadilike

Maoni yetu ni haya: kila mwanachama anapoondoka klabuni, nenosiri la Wi-Fi ya chumba chetu libadilishwe siku hiyo hiyo. Tulipolitoa wazo hili mkutanoni, baadhi ya wenzetu walisema huko ni kutoaminiana. Mtu amekula pilau nasi miaka mitatu, leo amehitimu tunamfungia mlango? Tunaiheshimu hoja hiyo, lakini hatuikubali.

Mawimbi ya redio hayajui ukuta. Ruta ikituma kitu, kifaa chochote kilicho karibu kinaweza kukinasa. Kinachozuia kisisomwe ni ufunguo tu. Katika WPA2, kila simu ina ufunguo wake wa pekee kati yake na ruta. Lakini ujumbe unaotumwa mara moja kwa wengi, yaani multikasti, hufungwa kwa ufunguo wa kundi, ambao kila aliyeunganishwa anao.

Ufunguo wa kundi una masharti mawili: anayeingia leo asisome ya jana, na anayetoka leo asisome ya kesho. Sharti la pili ndilo gumu. Mgeni akiingia, wenyeji hutumiwa ufunguo mpya ukiwa umefungwa kwa ule wa zamani. Mtu akitoka, njia hiyo haifai, kwa sababu naye anao ule wa zamani. Inabidi kila anayebaki apelekewe peke yake. Katika kundi la watu 1,024, akitoka mmoja zinahitajika jumbe 1,023.

Mwaka 1998 Chung Kei Wong, Mohamed Gouda na Simon Lam walieleza namna ya kupunguza mzigo huo: funguo zipangwe kama ukoo. Kila mtu ana ufunguo wake, wa nyumba yake, wa mlango wake, hadi ule wa ukoo mzima. Akitoka, hubadilishwa zile funguo alizokuwa akizijua tu. Kwa watu wale wale 1,024, wakigawanywa wawili wawili, jumbe hushuka hadi takriban 20. Kwa hiyo hata makundi makubwa hayana kisingizio, sembuse klabu yetu.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mwaka 2010 watafiti walionyesha udhaifu wa WPA2 ulioitwa Hole 196, kwa kuwa chanzo chake kimo katika ukurasa wa 196 wa kanuni za IEEE 802.11. Aliye ndani ya mtandao anaweza kuutumia ufunguo wa kundi kujifanya ruta na kuwadanganya wenzake.

Kuna atakayesema ruta hubadilisha ufunguo wa kundi yenyewe kila baada ya muda. Ni kweli, lakini mwenye nenosiri ataingia tena na kupewa ule mpya. Tena katika WPA2, mwenye nenosiri la pamoja akinasa salamu za mwanzo kati ya simu yako na ruta, anaweza kukokotoa hata ufunguo wako wa pekee. WPA3, iliyoanza mwaka 2018, imeliziba tundu hilo. Ruta yetu bado ni ya WPA2.

Na kuna nini cha kulinda? Printa yetu imo katika mtandao huo huo. Hupitia humo barua za viza, orodha za michango ya misiba, namba za simu za wazazi wetu Mombasa na Muscat. Hawa hawakuulizwa kama wanamwamini kila aliyewahi kupita chumbani mwetu. Wala hatumshuku aliyehitimu. Simu yake ikiibwa au ikiuzwa bila kufutwa, nenosiri letu linakwenda nayo kwa mtu tusiyemjua.

Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, katibu abadilishe nenosiri kila mtu anapoondoka, na kila aliyebaki aliandike upya. Ni kazi ya dakika moja. Pili, walimu walezi watuombee chuoni mfumo wa kila mwanachama kuingia kwa akaunti yake, kama ilivyo eduroam. Hapo anayeondoka atafungiwa akaunti yake tu, na wengine hawatasumbuliwa.

Mpangaji akihama, kitasa hubadilishwa, na haimzuii kualikwa futari. Wahitimu wetu wakaribie siku yoyote. Wakibisha hodi, tutawafungulia.