Eti "bado kujaribu tu"!

 

Leo naongelea mambo ya watu wa kompyuta, ila sisi wa Elimu yanatuhusu sana. Juzi hapa hosteli jamaa wanaosoma kompyuta walikuwa wanajisifia kwamba programu yao ya mradi imekwisha, "bado kujaribu tu". Mimi napingana na hiyo "tu".

Kulikuwa na mzee aliyeitwa Fred Brooks, aliyesimamia kazi ya OS/360 pale IBM miaka ya 1960. Kwenye kitabu chake cha 1975, The Mythical Man-Month, anagawa muda hivi: theluthi moja kupanga, sehemu moja ya sita kuandika programu, robo kujaribu vipande, na robo kujaribu mfumo mzima. Yaani nusu nzima ni kujaribu! Tena anasema miradi michache ndiyo iliyotenga nusu hiyo, lakini mingi iliishia kuitumia. Makadirio yalisema hivi, kazi ikasema vile.

Hata hapa kwetu tumeyaona. Desemba 2014 Tume ya Uchaguzi ilijaribu mashine za BVR Kawe, Kilombero na Mlele. Kura ya maoni ya Katiba Inayopendekezwa ilikuwa imepangwa tarehe 30 Aprili 2015, yaani miezi kama minne tu mbele. Mwanzoni mwa Aprili Jaji Lubuva akatangaza imeahirishwa, uandikishaji haujakamilika. Kweli, mashine zilikuwa zinafika kidogo kidogo, siyo majaribio peke yake. Ila uandikishaji ulienda hadi Agosti, na kura yenyewe haijapigwa mpaka leo. Na kujaribu mashine ya alama za vidole siyo kuiwasha ofisini ukaona taa inawaka. Ipeleke kwa wachuma chai wa Rungwe, vidole vimesuguliwa na kazi, mvua inanyesha, halafu uniambie umetumia siku ngapi.

Sasa dawa tunayo sisi walimu. Kwenye azimio la kazi unaandika mada fulani itachukua vipindi sita. Kwenye shajara ya somo unaandika ulianza lini na ukamaliza lini. Makadirio huku, ukweli kule. Ukiviweka pamoja, mwakani huandiki tena sita kwa mazoea. Watu wa kompyuta nao wafanye hivyo: siku tulizokadiria kujaribu, siku tulizotumia, na kilichokula muda. Miradi mitatu tu na wataanza kujijua.

Najua mtasema kasoro haijulikani mpaka ionekane, utaikadiriaje? Sawa, lakini ndiyo maana unaandika. Kasoro ya kesho huijui, ila unajua mradi uliopita zilikula wiki ngapi.

Onyo moja tu: karatasi hiyo isigeuzwe fimbo. Mtu akikadiria siku tano akatumia kumi ukamsema mbele za watu, mradi ujao atakuandikia ishirini, au atakata majaribio ili awahi. Na kujaribu ndiko kunakokatwa kwanza siku zote, kwa sababu kuko mwisho. Anayelipa ni mtumiaji, tena yule wa kijijini ambaye hana wa kumpigia simu.

Haya, watu wa kompyuta, uwanja wenu. Mnabisha?