Saa ya Mkono: Majivuno au Sanaa?

Wapo wanaodai kwamba mkusanyaji wa saa za thamani hununua majivuno tu. Dai hili lina uzito. Kampuni ya Seiko ya Japani ilitoa saa ya mkono ya kwanza ya kwatsi mwaka wa 1969, na leo hata saa ya betri ya bei rahisi hutunza wakati vyema kuliko saa ya kamani ya Patek Philippe, kampuni iliyoasisiwa Geneva mwaka wa 1839. Mbona basi saa ya kamani ingali inatafutwa?

Jibu limo tumboni mwake, katika vijigurudumu vinavyong'arishwa kwa mkono, hata vile asivyoviona mvaaji. Saa nyingi za aina hii hupiga mapigo 8 kila sekunde, idadi ile ile ya mizani katika mshororo wa utenzi. Ujumbe wa utenzi waweza kuelezwa kwa nathari, lakini hakuna msomi anayesema kwamba arudhi ni majivuno. Vivyo hivyo, anayeufahamu ufundi wa saa yake ana haki ya kuifurahia. Asiyeufahamu, huyo ndiye aliyevaa bei.